Rangi Yoyote, Siku Hiyohiyo

Mshauri wangu mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu haraka, kwa sababu Ijumaa hii saa nne asubuhi nimeitisha kikao cha viongozi wa kiwanda changu na nimeshatamka mbele ya watu kwamba mmoja wao ataondoka, na huyo mmoja ambaye kila mtu anamtazama ni dada yangu wa tumbo moja, na tangu nitamke maneno yale nikilala nashtuka, nikikaa ofisini najifanya nasoma karatasi ambazo sizioni.

Nianze mwanzo usije ukapotea njiani. Nina kiwanda kidogo cha rangi za nyumba, tuko watu kumi na saba ukinihesabu na mimi, na nilikianza na dada yangu miaka kumi na tisa iliyopita kwenye banda la nyuma ya nyumba ya mama, tukiwa na ndoo nne na mwiko tuliomwibia mama jikoni, mimi natafuta wateja na yeye anakoroga, na mpaka leo yeye ndiye meneja wa uzalishaji. Dada ni shoto, anakoroga kwa kushoto, anapaka kwa kushoto, hata chaki anaishika kwa kushoto, na wafanyakazi wakitaka kuchekesha wenzao humwigiza hivyohivyo, lakini akipita wananyamaza, maana wanamheshimu kuliko wanavyoniheshimu mimi mwenye kiwanda. Wamempa jina la Mama Subiri.

Jina hilo limetokana na ubao. Kila rangi ikishakorogwa, dada anaipaka kwenye kipande cha ubao, anakining'iniza kwenye chumba cha kukaushia, na hapo kinakaa siku mbili kamili. Siku ya tatu anakitoa nje kwenye mwanga wa jua, anakiweka kando ya sampuli ya mteja, anainamisha shingo huku na huku, na akiridhika ndipo anachukua chaki nyekundu na kutia alama ya vema kwenye kila ndoo. Ndoo isiyo na vema haivuki geti, hata aje nani. Na ubao wenyewe hautupwi, unaandikwa tarehe na jina la mteja nyuma, unapangwa rafuni, kwa hiyo mtu aliyepaka sebule yake miaka minane iliyopita akirudi leo anataka kupaka ukuta mmoja tu uliochafuliwa na watoto, dada anakwenda rafuni, anautoa ubao wake, na mtu yule anapata rangi yake ileile asijue ukuta upi ni mpya. Hiyo ndiyo sifa tuliyojulikana nayo.

Kiongozi wa tatu ni mhasibu wetu, mwalimu mstaafu wa hesabu, tunamwita Mwalimu tu, mtu ambaye hanunui hata balbu kabla hajauliza bei maduka matatu, na ndiye anayetuletea gazeti lako kila Jumatano na kusoma ukurasa wako kwa sauti saa saba, wakati wa chakula cha mchana, watu wote wakiwa wamekaa kwenye mabenchi uani, tukacheka matatizo ya wenzetu mpaka tukapaliwa. Sikujua kama siku moja na mimi nitakuandikia.

Sasa mwaka jana upande wa pili wa barabara akaja mtu akafungua duka la rangi lenye mashine. Mteja anamwonyesha rangi kwenye simu, mashine inakohoa kidogo, dakika ishirini huyo anaondoka na ndoo yake. Mshauri, nilikuwa nasimama dirishani kwangu namhesabia wateja wake. Wivu ulinikaba. Nikaenda kwenye semina ya wafanyabiashara wadogo, mtoa mada akasema kampuni ndogo isiyokimbia itakanyagwa, na akasema tena kwamba mkuu wa kampuni lazima awe na viongozi wanaofanana na mkakati wake, la sivyo abadilishe viongozi, na mimi nikayaandika yote mawili kwenye daftari na kuyapigia mstari, nikarudi nyumbani moto.

Nikamchukua mdogo wa mke wangu, shemeji yangu, alikuwa anauza simu na anajua kuongea mpaka ukuta ukaitikia, nikampa umeneja wa mauzo. Watu wakamwita Spidi ndani ya wiki moja. Halafu nikaandikisha kwenye ukuta wa mbele wa kiwanda, kwa herufi nyekundu zinazonizidi urefu, RANGI YOYOTE, SIKU HIYOHIYO. Dada alifika asubuhi ile, akasimama barabarani na mkoba wake begani, akasoma, akasoma tena, akaniuliza, "Mdogo wangu, na ubao je?" Nikamwambia tutaona mbele ya safari. Hakuna nilichokiona mbele ya safari ila ugomvi.

Kila siku ni vita. Spidi analeta mteja, dada anamwambia keshokutwa. Kuna siku Spidi aliingia chumba cha kukorogea anahema, "Dada, mteja yuko getini, gari linanguruma!" Dada hakuinua hata macho, akamjibu, "Mwambie azime, mafuta ni ghali." Watu walicheka lakini Spidi hakucheka, na mteja hakuzima, aliondoka, akavuka barabara. Na simsingizii Spidi, kwa miezi minne ameleta wateja wapya wengi kuliko niliowaleta mimi kwa miaka minne, ila nusu yao wanaondoka mikono mitupu na hasira juu. Mwalimu yuko upande wa dada. Mimi niko upande wa Spidi hadharani, na moyoni sijui niko wapi. Tukikaa kikao tunatazamana wawili kwa wawili, hakuna linalopita, na wafanyakazi wamejifunza kwamba ukitaka ruhusa ya jambo, mfuate yule ambaye atakubali.

Ndipo ikaja kazi ya zahanati. Kontrakta alikuwa anapaka wodi mpya ya akina mama, vyumba vitatu na korido ndefu, kijani hafifu, kazi kubwa kwetu. Ndoo ishirini za kwanza zilipita kwa dada kwa taratibu zake zote. Zikahitajika kumi na tano za kumalizia, na Spidi akamwahidi kontrakta siku hiyohiyo, kama ukuta unavyosema. Siku hiyo dada hakuwepo, alikuwa amempeleka mama hospitali kufanyiwa operesheni ya macho na angebaki naye siku mbili. Kabla hajaondoka alikoroga zile ndoo kumi na tano, akaning'iniza ubao, akaniambia nisiziguse mpaka arudi. Kontrakta akanipigia simu mara tatu kabla ya adhuhuri. Mara ya tatu aliniambia yule wa ng'ambo ya barabara yuko tayari.

Hapa ndipo pabaya, Mshauri, na hili sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Wafanyakazi walipokwenda kula, nilifungua chumba cha kukorogea kwa ufunguo wangu nikaingia peke yangu. Nikafungua ndoo moja, nikachovya kidole, nikakiweka kando ya ubao mkavu wa zile ishirini za kwanza, nikaona zimefanana kabisa, nikafurahi kama mtoto. Na mimi najua, kila mtu wa kazi hii anajua tangu siku ya kwanza, rangi ikikauka inakoza. Ukiona mbichi imefanana na kavu, ujue haifanani. Nililijua hilo na bado nilijiambia kijani hiki ni hafifu, tofauti itakuwa ndogo, nani atapima. Aproni ya dada ilikuwa imetundikwa msumarini. Nikatia mkono mfukoni mwake, nikatoa ile chaki nyekundu, nikatia vema kwenye ndoo zote kumi na tano, nikairudisha chaki, nikaosha mikono. Spidi aliporudi akaona vema, akadhani dada alizipitisha kabla ya kuondoka, akapakia.

Siku ya tatu kontrakta alinitumia picha. Korido ni kijani hafifu mpaka katikati, kuanzia hapo ni kijani cha majani yaliyochemshwa, na mpaka kati ya rangi hizo umenyooka kama umepimwa kwa rula. Ufunguzi wa wodi umeahirishwa. Picha zinazunguka kwenye simu za mafundi mji mzima, wateja wawili wa zamani wameshanipigia kuuliza kama ni kweli tumeharibikiwa, na kontrakta anataka kuambiwa nani alipitisha zile ndoo, la sivyo tusahau kufanya naye kazi tena.

Ndoo zilizobaki zilirudishwa zikashushwa uani, na Spidi akapandwa na hasira mbele ya watu wote. "Vema ya nani hii? Si ya dada? Si ndiye hakosei? Mimi kila siku naambiwa ningoje ubao, haya ubao umesema nini?" Watu wote wakamgeukia dada. Alikuwa amerudi siku hiyo, macho mekundu kwa kukesha na mama. Akachuchumaa kwenye ndoo moja, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaiangalia ile vema muda mrefu. Kisha akasimama akaniangalia mimi. Hakumwangalia Spidi, aliniangalia mimi. Akasema, "Haya." Akaingia chumba cha kukaushia, na tangu siku hiyo, Mshauri, hajasema neno juu ya jambo hilo, anafanya kazi yake na ananisalimia vizuri kabisa.

Na mimi nilipoona watu wote wananingoja niseme kitu, nilisema, "Ijumaa tutakaa, na aliyekosea ataondoka."

Nusu yangu inasema labda ni heri tu, dada hafanani na mwendo mpya, fahali wawili hawakai zizi moja, na semina ilisema wazi badilisha viongozi. Mke wangu anasema ndugu yake ndiye aliyefufua kiwanda, nikimgusa tusijuane. Nimefikiria nimpe dada cheo cha mlezi wa kiwanda, awe anakuja mara moja moja, tumfanyie na sherehe ya kumuaga yenye heshima. Mama amefungwa bandeji machoni, haoni, lakini juzi aliniuliza, "Dada yako ana nini, mbona sijamsikia akicheka?" Nikasema amechoka.

Nakuomba uniambie nimwondoe nani, dada au shemeji, na unipe maneno ya kumwambia yasiyoumiza. Barua hii ichapishe yote ukipenda, jina langu tu usilitaje.

Ni mimi, Niliyekalia Kuti Kavu.

* * *

Ndugu yangu wa kuti kavu,

Kuti hilo umelikata mwenyewe kwa panga lako, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini nitakupa pole moja, ya mama. Macho yake yapone salama. Huyo mzee hata akiwa amefungwa bandeji anaona kuliko wewe.

Unaniuliza umwondoe nani. Umeniletea majina mawili kwenye sinia kama mtu anayechagua nyama, na jina la tatu umelificha chini ya kitambaa. Nitalifikia. Kwanza tuongee habari ya vema.

Dada yako ni shoto, umeniandikia mwenyewe kabla hata sijamaliza ukurasa wa kwanza. Nilipofika kwenye chaki nikachukua kalamu, nikajaribu vema kwa mkono wa kulia, kisha kwa wa kushoto. Jaribu na wewe. Mkia wa moja unaelekea huku na mkia wa nyingine unaelekea kule. Huyo mama ametia vema kwenye ndoo zenu miaka kumi na tisa. Unadhani alipochuchumaa pale uani alikuwa anatafuta nini kwenye vumbi? Alijua si yake kabla hajamaliza kuifuta. Na mkono wa Spidi hakuutazama kwa sababu ufunguo wa chumba cha kukorogea, nina hakika, hana. Alikuangalia wewe.

Kwa hiyo siri yako si siri. Anayeijua ni yule mmoja uliyedhani unamficha. Angeweza kuinua ile ndoo juu akawaambia wote, "Tazameni, hii ni ya mkono wa kulia." Ungebaki wapi siku hiyo, bosi mzima? Alisema "Haya", akaenda zake kazini, na kila asubuhi anakusalimia. Huko si kushindwa, ndugu yangu. Dada yako amekutundika msumarini kama anavyotundika kila ubao, anangoja ukauke aone umetoka rangi gani.

Na wewe unampangia sherehe ya kumuaga. Mlezi wa kiwanda! Nimesoma hapo nikalazimika kwenda kunywa maji.

Sasa tuje kwenye semina yako, maana usije ukasema mshauri ni wa mambo ya ndugu tu na biashara haijui. Yule mtoa mada alisema kweli, viongozi na mkakati lazima vifanane. Tatizo lako umeisikia nusu ya nyuma ukaiacha nusu ya mbele. Kampuni kubwa ikiwa na meneja mmoja asiyefaa, wapo wengine hamsini wa kumfunika. Nyinyi viongozi ni wanne. Wawili ni watu wa subira, wamekaa na kazi miaka, wanaijua kwa vidole, hawapendi kubahatisha. Mmoja ni wa mbio, mgeni, ana mdomo na moyo wa kujaribu. Watu wa namna hiyo ukiwajua unaweza kuwapangia safari inayowafaa. Wewe ulifanya kinyume, ulichagua safari kwanza kwa kuchungulia dirishani, ukaiandika ukutani kwa herufi zinazokuzidi urefu, halafu ukaja kuwakasirikia abiria kwa nini miguu yao si ya safari hiyo. Hukukaa nao hata nusu saa ukawauliza. Dada alikuuliza swali moja tu, "Na ubao je?", na swali hilo ndilo lilikuwa kikao chote ulichokihitaji. Ukamwambia tutaona mbele ya safari.

Mshika mbili moja humponyoka. Ulitaka sifa ya ubao na mwendo wa mashine kwa pamoja, na kwa watu walewale. Ukutani umeahidi jambo moja na rafuni mmeahidi jambo jingine. Siku ahadi hizo mbili zilipogongana, hukuwa na kiongozi wa kukuamulia, ulikuwa na chaki tu.

Sikwambii kwamba polepole ndiyo dini. Sitakuimbia ule wimbo wa haraka na baraka, umeusikia tangu darasa la kwanza na haukukusaidia. Kuna viwanda vinaishi kwa kasi na vinaishi vizuri. Ukitaka kuwa hivyo, sawa, nunua mashine, tafuta watu waliozoea kujaribu na kukosea na kurekebisha siku hiyohiyo, mwambie dada yako macho kwa macho kwamba unabadilisha biashara, naye aamue mwenyewe kama anabaki. Ni njia halali. Lakini yule wa ng'ambo ya barabara amekutangulia kwenye njia hiyo, na utakuwa unamkimbiza mgongo wake kila siku.

Mimi ningeuliza kitu kingine. Mashine yake inaweza kumkumbuka mtu aliyepaka sebule miaka minane iliyopita? Haiwezi, imezaliwa mwaka jana. Hiyo rafu yenu ya mbao ni mali ambayo hakuna mtu mjini anayo, na wewe umekaa umeipa mgongo ukihesabu wateja wa mwenzio. Spidi wako si mtu mbaya, usinielewe vibaya, ila umemtuma akauze kitu ambacho kiwanda hakina. Mpe kile mlicho nacho. Mpeleke kwenye rafu hiyo, mpe daftari, ayanakili majina yote yaliyo nyuma ya mbao, kisha ayafuate kwa huo mdomo wake unaoitikiwa na kuta: shule zinazopaka kila likizo, nyumba za wageni, ofisi, watu wenye ukuta mmoja uliochafuliwa na watoto. Hao hawakimbii, wanataka ileile. Na zile rangi kumi na mbili au kumi na tano ambazo kila mtu huziulizia, dada azikoroge mapema, azikaushe, azitie vema, zikae stoo zikingoja gari linalonguruma. Hizo Spidi atazitoa siku hiyohiyo na hakuna atakayemwambia mteja azime. Nyingine zote ni siku tatu, na mteja aambiwe siku tatu tangu getini. Ukuta wako wa mbele ufute lile neno YOYOTE. Hilo neno moja ndilo lililokuharibia nyumba.

Na dada naye ana lake, simwachi. Miaka kumi na tisa hajamfundisha mtu hata mmoja kushika chaki ile. Mtu ana mama mgonjwa, atasafiri, ataugua, na kiwanda kizima kiwe kinangoja mkono mmoja wa kushoto? Achague mfanyakazi mmoja mwenye macho mazuri na mwenye kiburi cha kusema hapana, amfundishe kuanzia wiki hii. Namwomba achague mtu asiyekuogopa wewe.

Sasa lile jina la tatu. Uliambiwa kwenye semina kwamba kiongozi asiyefanana na kazi aondolewe. Basi katika chumba cha kukorogea, asiyefanana ni wewe. Una macho ya kuona wateja wa jirani na mkono mwepesi, na hayo ni mazuri huko nje kwenye mauzo na kwa makontrakta. Ndani ya chumba kile ondoka. Ufunguo mpe dada, usibaki na wa akiba. Ijumaa uliahidi aliyekosea ataondoka, nawe ni mtu wa ahadi kubwakubwa, tunazisoma ukutani. Itimize hii.

Kwa kontrakta nenda wewe mwenyewe, na uende leo. Usimtume Spidi akalainishe maneno. Mwambie mimi ndiye niliyezipitisha, dada yangu hakuwepo, na korido ile tutaipaka upya kwa mikono yetu, kwa rangi itakayokuwa imekauka siku mbili na kuonekana juani. Atakutukana kidogo. Vumilia. Akina mama wanaongoja wodi ile wana shida kubwa kuliko aibu yako. Mke wako naye mwambie kabla hajasikia kwa mwingine, maana amekaa anampigania ndugu yake katika vita ambayo wewe ndiye uliyeianzisha.

Limebaki jambo moja, na hili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara mbili. Umeniambia nichapishe yote, nisitaje jina. Nimechapisha yote, jina sijataja. Lakini dada shoto, ubao wa siku mbili, Mama Subiri, Spidi, ukuta wenye herufi nyekundu, nani kiwandani kwako atahitaji jina? Na uliniambia pia kwamba Mwalimu huleta gazeti hili kila Jumatano na kuusoma ukurasa huu kwa sauti uani wakati wa chakula. Ulilijua hilo ulipokuwa unabandika stempu. Nadhani sehemu yako iliyo nzuri ndiyo iliyoandika barua hii. Ilichoka kungoja wewe useme, ikatafuta mtu wa kukusemea.

Mimi sikusemei, na usimwachie Mwalimu. Gazeti liko barabarani tangu saa kumi na mbili asubuhi, na chakula kwenu ni saa saba. Kwa hiyo sahau Ijumaa. Likunje gazeti hili, liache mezani, nenda chumba cha kukaushia, mwamkie dada yako kama mdogo anavyomwamkia mkubwa, uchukue chaki kwa mkono wako wa kulia, utie vema moja kwenye ubao mbele yake. Maneno uliyoniomba nikutungie hutayahitaji. Kisha toka naye uani, kabla watu hawajakaa kwenye mabenchi, uwaambie.